Mtoto wa Mbwa Naye Apikiwe

Mfugaji wa Leparua huko Isiolo, awe Msamburu au Mturkana, Mborana, Mmasai au Msomali, aweza kukuambia bila ya kusita ni mbuzi gani aliyezaa jana, ni ngamia yupi aliyepungukiwa maziwa, na ni ndama yupi anayestahili kuachiwa chuchu mbili badala ya moja. Walakini ukimwuliza mtoto wa mbwa aliyeletwa bomani mwezi uliopita amekula nini leo asubuhi, aghalabu hatakuwa na jawabu. Si kwamba hana huruma, wala si kwamba hamthamini mbwa. Ni kwamba katika hesabu ya riziki ya boma, mbwa hana fungu lililokatwa kwa ajili yake. Huachiwa kilichoanguka, kilichoungua, kilichochacha, na kile ambacho kinywa cha mwanadamu kimekikataa. Dai langu ni jepesi kulitamka na zito kulitekeleza: mtoto wa mbwa anayekua apikiwe chakula chake, kidogo kidogo, kwa nia na kwa mpango, kwa kuwa chakula kinachomfaa si lazima kitoke katika mfuko wa dukani, wala hakiwezi kuwa takataka iliyotupwa nyuma ya jiko, bali ni kile kilichopita motoni kikiwa kimekusudiwa kuwa chake.

Naanza na haja ya mbwa mwenyewe, kwa sababu wako waungwana ambao wakisikia habari ya lishe ya mbwa hudhani kwamba inazungumzwa anasa ya matajiri wa Nairobi wanaowalaza mbwa juu ya makochi. Leparua ni hifadhi ya jamii, jirani ya Lewa na si mbali na Il Ngwesi, na wanyama wa mwitu wanaopita hapo hawasomi ramani: fisi, chui na simba huingia malishoni kama wanavyoingia mbuzi. Watafiti waliochunguza mashambulizi ya wanyama wakali katika nchi ya malisho ya kaskazini mwa Kenya, huko Laikipia na viunga vyake, walitangaza mwaka 2007 kwamba mchana kundi lenye amani zaidi ni lile dogo, linalochungwa mahali pa wazi, likifuatwa na mchungaji pamoja na mbwa. Na usiku zizi lenye amani zaidi ni lile lenye ua mzito na milango michache, ambamo wamelala wanaume na mbwa pia. Basi baada ya ukame wa misimu 5 mfululizo, tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwaka 2022, ulioangamiza mifugo zaidi ya milioni 2 katika Kenya, kila mbuzi aliyesalia ni rasilimali isiyoweza kupotezwa kwa uzembe, na mbwa anayemlinda mbuzi huyo ni sehemu ya rasilimali hiyo hiyo.

Mlinzi huyo hajengwi siku ile anapokabiliana na fisi. Hujengwa katika miezi yake michache ya mwanzo, wakati mifupa inaporefuka, meno yanapobadilika na misuli inapojishika juu ya mifupa. Na kile kilichokosekana wakati huo hakirudishwi na mfupa mnono atakaorushiwa akiwa na miaka miwili. Kwa kila kilo ya mwili wake, kilebu aliyetoka kuachishwa ziwa huhitaji nguvu za chakula takriban maradufu ya zile anazohitaji mbwa mzima, ilhali tumbo lake ni dogo na haliwezi kubeba shehena ya siku nzima kwa mara moja. Maziwa ya mama yake, ambayo ameyanyonya tangu kuzaliwa, yana mafuta na protini zaidi ya maradufu ya maziwa ya ng'ombe. Kwa hiyo anayemtenga na mama yake akiwa na majuma 4, akamwekea kikombe cha maziwa yaliyotiwa maji, amemshusha daraja kwa ghafula bila ya yeye mwenyewe kutambua. Mwendo wa insafu ni kuanza kumwonjesha chakula laini akiwa na majuma 3 au 4, huku akiendelea kunyonya, na kumwachisha kabisa akitimia majuma 8. Kisha apewe milo 4 kwa siku mpaka miezi 3, milo 3 mpaka miezi 6, na baadaye milo 2.

Sasa tuje katika chakula chenyewe. Boma likikosa maziwa, ambalo ni jambo la kawaida wakati wa kiangazi, chakula cha mbwa hugeuka kuwa ugali mtupu, au ukoko wa ugali uliolowekwa maji. Ugali hushibisha, na kilebu aliyeshiba ugali hulala usingizi mnono. Lakini kushiba si kujengeka, na ushahidi wa neno hili umeandikwa juu ya miili ya watoto wa mbwa wenyewe. Mwaka 1919 tabibu Mwingereza Edward Mellanby alitangaza matokeo ya majaribio aliyoyafanya huko London, ambamo aliwaweka watoto wa mbwa ndani ya nyumba na kuwalisha vyakula vilivyosimama juu ya uji wa nafaka na mkate. Wakapata matege: miguu ikapinda, viungo vikavimba, na mwendo ukaharibika. Wenzao waliotiliwa mafuta ya ini la samaki katika chakula hicho hicho hawakupatwa na maradhi hayo. Kutokana na vilebu hao elimu ya kitu ambacho leo twakiita vitamini D ilipata msingi wake, na watoto wa binadamu katika miji yenye ukungu ya Ulaya wakanusurika. Na Mellanby mwenyewe akaendelea kuonyesha kwamba nafaka, zaidi ya kupungukiwa na vitamini hiyo, huizuia chokaa ya chakula isinyonywe vizuri na mwili.

Hapa msomaji wa Isiolo aweza kunikatiza na kusema kwamba London haina jua na Leparua inalo la kutosha na kubaki. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama mbwa angekuwa mtu. Ngozi ya binadamu ikipigwa na jua huunda vitamini D kwa wingi, lakini ngozi ya mbwa haina uwezo huo ila kwa kiasi kidogo mno kisichomtosha. Yampasa aipate kwa kinywa, katika ini, kiini cha yai, samaki na mafuta ya mnyama. Kwa hiyo kilebu anaweza kulala juani kutwa nzima katika uwanda wa Leparua na mifupa yake ikaendelea kulegea, madhali bakuli lake halina kitu ila unga.

Mahindi yana aibu yao ya pili. Huko kusini mwa Marekani, mahali ambapo maskini walikula mahindi asubuhi na jioni, watu waliugua pelagra, maradhi ya ngozi, matumbo na akili, na mbwa wao waliokula chakula cha namna hiyo hiyo waliugua maradhi yanayofanya ulimi uwe mweusi na kinywa kioze. Tabibu Joseph Goldberger alitumia mbwa hao katika miaka ya 1920 kutafuta chanzo, na mwaka 1937 Conrad Elvehjem, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, akawaponya mbwa wenye ulimi mweusi kwa kiini alichokitoa katika ini, ambacho ni vitamini ya niasini. Mahindi hayakosi niasini kabisa, bali huifungia isipatikane kwa urahisi tumboni. Kwa maneno mengine, mbwa alishatoa ushahidi mahakamani tangu zamani, na hukumu ilishatolewa: nafaka peke yake haimlei.

Hata hivyo asije mtu akakimbilia upande wa pili na kusema kwamba mbwa ni mla nyama, basi apewe nyama tupu. Msuli wa nyama una fosforasi nyingi na chokaa kidogo sana, na mwili wa kilebu unaokosa chokaa katika chakula huikopa katika mifupa yake mwenyewe, mpaka mifupa ikawa dhaifu na kuvunjika kwa kuruka tu juu ya gogo. Chui na mbwa-mwitu hawapatwi na balaa hilo kwa kuwa hawali msuli peke yake. Hula windo pamoja na mifupa yake laini na viungo vya ndani. Siha ya kilebu imo katika mchanganyiko: kitu cha kujenga mwili, kitu cha kutia nguvu, mafuta, na chokaa.

Mchanganyiko huo haupo mbali. Katika sufuria ndogo mtu achemshe matumbo yaliyooshwa, au pafu, au wengu, au omena wanaouzwa sokoni Isiolo, ambao faida yao ni kwamba huliwa na mifupa yao. Vikiisha kuiva atie ugali laini au wali, hesabu ya nusu kwa nusu, kijiko cha mafuta ya mnyama, na yai lililochemshwa likipatikana. Ini litiwe kipande kidogo mara mbili kwa juma, kwa kuwa lina baraka nyingi lakini likizidi hudhuru. Ganda la yai likikaushwa na kusagwa likawa unga, nusu ya kijiko cha chai kwa siku humfaa kilebu wa kienyeji kwa chokaa, wala asizidishiwe kwa kudhani kwamba chokaa nyingi huleta mifupa mikubwa. Kupita kiasi nako huharibu mifupa, hasa ya mbwa wa mbegu kubwa. Maziwa ya mbuzi au ya ngamia, hasa yaliyoganda, ni fadhila juu ya fadhila. Kitunguu kisitiwe, kwa kuwa huharibu damu ya mbwa. Wala asipewe mifupa ya kuku iliyopikwa, ambayo hupasuka ikawa mikuki ndani ya utumbo.

Nimesema kiungo cha ndani kipikwe, na neno hilo kupikwa ndilo roho ya makala haya. Desturi iliyoenea katika nchi yote ya ufugaji ni kwamba mnyama akichinjwa, pafu au ini lenye mafuko ya maji, ambalo mchinjaji hulitazama kwa karaha, hukatwa na kurushiwa mbwa hapo hapo. Ndani ya mafuko hayo mna vichwa vya tegu mdogo sana, asiyezidi urefu wa punje ya mchele, ambavyo vikifika katika utumbo wa mbwa hukua vikawa tegu kwa maelfu bila ya kumwonyesha mbwa dalili yoyote. Baada ya majuma 6 au 7 mayai yake huanza kutoka na kinyesi, yakashika manyoya, yakaingia katika maji ya bwawa, yakapanda juu ya mikono ya watoto wanaocheza na kilebu. Na ndani ya binadamu mayai hayo hujenga mafuko yale yale, katika ini na mapafu, yakikua polepole kwa miaka, mpaka tumbo likatokeza na mara nyingi dawa ikawa kisu cha daktari. Turkana ya kaskazini ilijulikana ulimwenguni kwa wingi wa maradhi haya, hata AMREF ikaanzisha huko mwaka 1983 mpango wa kuyapiga vita, ukihusisha mafunzo, upasuaji na kuwapa mbwa dawa. Leparua ina jamaa wa asili ya Turkana, na ina mbuzi, kondoo, ngamia na mbwa. Hakuna sababu ya kusubiri mpaka maradhi yahesabiwe ndipo watu wachukue hadhari.

Hadhari yenyewe ni rahisi kupita kiasi. Pafu na ini zikichemka kwa nusu saa, mafuko yote yaliyomo hufa, na kile kilichokuwa sumu hugeuka kuwa lishe bora kabisa ya mtoto wa mbwa. Kile ambacho kimekataliwa hata kuchemshwa kizikwe katika shimo refu kiasi cha kumshinda fisi. Pamoja na hayo kilebu apewe dawa ya minyoo mapema, tangu akiwa na majuma 2, kwa kuwa minyoo mingine humwingia angali tumboni mwa mama yake au katika maziwa. Na tumbo la mviringo ambalo wengi hulisifu wakisema kilebu ameshiba, mara nyingi ni tumbo lililojaa minyoo inayokula kabla yake. Dawa ya tegu, prazikwanteli, huhitaji kurudiwa kila majuma 6 mahali penye hatari hiyo, na daktari wa mifugo atashauri kipimo.

Moto, pamoja na uwezo wake wote, una jambo moja usiloliweza. Mwaka 2004 watu 125 walifariki katika Ukambani na jirani zake kwa kula mahindi yenye sumukuvu, sumu inayozalishwa na kuvu katika nafaka iliyohifadhiwa ingali na unyevu. Kupika hakuiondoi. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi kwa sumu hiyo, na ini lake ndilo linaloharibika kwanza. Walakini unga uliovunda ndio unaopewa mbwa, kwa hoja kwamba haufai tena kwa watu. Usiofaa kwa mtoto wa mtu haufai kwa mtoto wa mbwa.

Na chakula cha dukani je? Sikilaumu. Tangu James Spratt alipoanza kuuza biskuti za mbwa mjini London, karibu na mwaka 1860, biashara hiyo imekua na kujifunza mengi, na mfuko mzuri ulioandikwa kwamba ni wa watoto wa mbwa, wenye protini zisizopungua asilimia 22 na ushei, unamtosheleza kilebu bila ya kuongezewa kitu. Lakini mfugaji anayeununua aulize ni wa umri gani, kwa kuwa chakula cha mbwa mzima hakimtoshi anayekua; na ajihadhari na kile kinachopimwa kwa kilo kutoka katika gunia lililo wazi juani, ambacho mafuta yake yameshachacha na vitamini zake zimekufa. Mwenye uwezo wa kununua na anunue. Ninachokataa ni dhana kwamba asiye na uwezo huo hana budi kumwachia mbwa wake takataka.

Pingamizi ninazozisikia ni nne. Ya kwanza ni ya huruma: watoto wa watu wana njaa, vipi mbwa apikiwe? Jawabu langu ni kwamba sikuomba kijiko hata kimoja katika sahani ya mtoto. Naomba pafu na wengu ambazo tayari hutupwa, na naomba zipite motoni. Na anayefaidika kwanza na moto huo ni mtoto yule yule, maana ndiye anayemkumbatia kilebu.

Ya pili ni ya kuni na maji, nayo ni pingamizi ya haki, kwa kuwa mzigo huo huwaangukia akina mama, ambao hawajakosa kazi. Basi kanuni iwe kwamba achinjaye ndiye achemshe. Wanaume na vijana wanaochinja chini ya mti huwasha moto wao kuchoma nyama. Sufuria moja kando ya moto huo haimzidishii mama safari ya kisimani.

Ya tatu ni ya dini, na katika Isiolo yenye Waislamu wengi yastahili kusikilizwa kwa taadhima. Mate ya mbwa ni najisi katika madhehebu ya Shafii, na chombo alichokilamba huoshwa mara 7, moja kwa udongo. Lakini sheria hiyo hiyo imeruhusu mbwa wa mifugo, wa shamba na wa kuwinda, na mapokeo yenye kujulikana yanasimulia habari ya mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Kilebu na awe na bakuli lake na mahali pake nje ya nyumba. Twahara haivunjiki kwa ihsani.

Ya nne hutoka kwa wachungaji wakongwe: mbwa mwenye shibe hulala, halindi mali. Maarifa ya wafugaji wenzetu wa Namibia yanaelekea kinyume. Tangu mwaka 1994 shirika linalohifadhi duma huko limekuwa likiwapa wakulima mbwa wa ulinzi, wakiwekwa pamoja na mbuzi wangali vilebu, na miongoni mwa masharti ya kuwapata ni kuwalisha na kuwatunza vizuri. Sababu yaonekana wazi kwa anayetaamali: mbwa mwenye njaa huliacha kundi akaenda kuwinda sungura na dikidiki, hutafuna masikio ya wana-mbuzi, na huzurura mpaka mjini ambako hukutana na kichaa cha mbwa. Anayelishwa zizini, karibu na mbuzi, hujifunza kwamba riziki yake iko hapo, akabaki hapo. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, nayo imekataza kumwacha mnyama afe njaa mikononi mwa mwenyewe, ingawa sitamani kuona askari akiingia bomani ili kufundisha jambo ambalo wazee wanaweza kulifundisha.

Kwa hiyo nawaelekea wenye mamlaka. Kenya imejiwekea ahadi tangu mwaka 2014 ya kukomesha vifo vya watu kwa kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na ahadi hiyo haitimizwi bila ya mbwa kukusanywa na kuchanjwa, vilebu wakiwemo kuanzia miezi 3. Siku hiyo hiyo ya chanjo, maofisa wa mifugo wa kaunti wana hadhira tayari mbele yao: wawape mbwa dawa ya tegu, waonyeshe pafu lenye mafuko na pafu safi, na waseme kwa Kiswahili na kwa lugha za wenyeji namna ya kupika. Kamati ya hifadhi, ambayo tayari huwaita watu kujadili malisho na ulinzi, iweke pipa moja la kuchemshia mahali panapochinjwa wanyama wengi wakati wa harusi na sherehe, kwa gharama isiyozidi thamani ya mbuzi mmoja.

Na mzee wa boma asiyekubaliana nami katika mengine yote, asiyetaka kuhesabu milo wala kusaga maganda ya mayai, namwomba akubali hili moja tu kuanzia mnyama atakayechinjwa baada ya leo: pafu na ini zisimfikie mbwa kabla hazijachemka kwa nusu saa, na mchinjaji mwenyewe ndiye aulizwe kama zimechemka.